Chupa ya mtoto kwenye mnada (sehemu ya 4)

Mama zangu, tuendelee. Kwenye minada ya vitu vya kale huko Uingereza huwa zinauzwa chupa bapa za kioo za kunyonyeshea watoto, za enzi za Malkia Victoria. Nzuri kweli kuzitazama. Zilikuwa na mrija mrefu wa mpira, mtoto anajinyonyea mwenyewe, mama anaendelea na kazi. Sasa ule mrija haukusafishika ndani. Maziwa yakaganda humo, vijidudu vikazaliana, watoto wakaharisha na kufa. Na kitabu maarufu cha Bi. Beeton, 1861, kiliwaambia akina mama chuchu ya chupa isitolewe mpaka ibadilishwe, kama kila wiki mbili! Walifuata walichoandikiwa, jamani. Baadaye zikaitwa chupa za mauaji. Ufaransa ilizipiga marufuku 1910. Nyingi zinazofika mnadani zimebaki kioo tu, mpira ulishaoza.