KIVOI WA KITUI, MWENYEJI TULIYEMSAHAU

Kamati ya jubilii ilipogawa kazi za kijitabu hiki, mimi katibu wenu nilipewa ukurasa wa historia. Huenda mlitarajia niandike juu ya wamishenari waliotuletea Injili. Nitawataja, lakini naomba tuanze na mwenyeji wao. Katika Shule ya Jumapili watoto wetu wanalijua jina la Johann Ludwig Krapf. Ukiwauliza ni nani aliyempokea huku Kitui, wanatazamana. Aliyempokea ni Kivoi Mwendwa.

Kivoi alikuwa nani?

Wakamba hawakuwa na mfalme. Tulikuwa na koo, na kila utui ulikuwa na wazee wake waliokata kesi. Mtu hakuzaliwa mkubwa, alijenga ukubwa wake mwenyewe. Krapf mwenyewe aliandika kwamba miongoni mwa Wakamba uwezo ulitokana na mali, ulimi mzuri, umbo la kuheshimika, na zaidi ya yote sifa ya kujua uganga na kuleta mvua.

Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu. Misafara yake ilitoka Kitui, ikakata nyika hadi pwani ya Mombasa, siku nyingi za kiu na hatari. Boma lake lilikuwa na wake, watoto, ndugu, watu waliomtegemea, na pia watumwa. Hilo la mwisho tusilifiche. Hakuwa mtakatifu, wala hakubatizwa. Alikuwa mkubwa wa zama zake.

Mgeni kutoka Rabai

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Württemberg, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaanzisha kituo cha Rabai.

Novemba 1849 Krapf akafunga safari ya kuja Ukambani. Alipitia Kikumbulyu, upande wa Kibwezi katika Makueni ya leo, akavuka mto Athi, akafika kwa Kivoi mwishoni mwa mwezi. Kivoi alimpa mahali pa kulala na ulinzi wa jina lake. Akamsimulia pia habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni, ambao wazee wetu waliuita Kiima Kiinyaa. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa huku Kitui, Krapf aliuona mlima huo kwa macho yake. Huko Ulaya wataalamu walibisha, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini jina aliloliandika kutoka vinywani mwa Wakamba ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu, Kenya. Mwaka uliofuata, 1850, Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilichapishwa Ujerumani.

Kifo karibu na Tana

Mwaka 1851 Krapf alirudi. Kivoi alikuwa na safari ya kwenda upande wa mto Tana kwa mambo yake ya pembe, akakubali kwenda na mgeni wake. Mwezi wa Agosti, wakiwa wamekaribia mto, walishambuliwa na wanyang'anyi. Watu wengi wa msafara wakakimbia. Krapf alifyatua bunduki hewani, kwa maana hakutaka kumwaga damu. Kivoi akauawa pale pamoja na watu wake wa karibu.

Krapf alitangatanga peke yake porini. Alipoufikia mto Tana alikunywa, kisha akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Njaa na kiu zilimrudisha kwa watu wa Kivoi. Huko ndugu za marehemu walimuuliza swali zito: mbona wewe u hai na mkubwa wetu amekufa? Walisema ilimpasa afe pamoja naye. Krapf aliona uhai wake uko hatarini, akatoroka usiku, na mwezi wa Septemba akafika Rabai akiwa amedhoofika sana.

Tumezoea kuisoma habari hii tukimhurumia Krapf. Nawaomba leo tukae kidogo upande wa pili. Fikirieni boma lile jioni habari ilipofika. Wajane wanalia, watoto hawana baba, na anayerudi akiwa mzima ni mgeni. Hasira yao haikuwa ushenzi. Hata leo, ukisafiri na mtoto wa watu ukarudi peke yako, utaulizwa.

Kumbukumbu yetu

Watu wa kanisa wanajua kwamba mwaka 1521 Mfalme Mteule Frederick wa Saxony alimficha Martin Luther katika ngome ya Wartburg, na hapo Luther akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Frederick anakumbukwa duniani kote, naye alifia kitandani mwaka 1525. Kivoi alimhifadhi mhubiri pia, lakini alifia njiani, na kanisa halikuandika jina lake.

Baada ya kifo chake ilipita takriban miaka 40 kabla Walutheri hawajajenga Ikutha, na mwaka 1895 Peter Cameron Scott akaanza kazi Nzaui, Makueni. Nyimbo tunazoimba leo zilipitia milango hiyo.

Ndugu zangu wanakwaya, sisi pia tumeishi kwa wenyeji. Tukienda kuimba Mwingi au Wote, kuna mama anayeamka gizani kutupikia muthokoi, na mzee anayewatoa watoto wake kitandani ili sisi tulale. Majina yao hayamo katika kanda zetu wala katika ratiba ya leo. Basi tutakapowashukuru waanzilishi wakati wa sala, tusikomee kwa walioimba na waliohubiri. Tuwataje waliotufungulia mlango. Na tukianza na mji wa Kivoi, tutakuwa tumelipa sehemu ndogo ya deni la zamani.

Karibuni tuimbe.

Katibu wa Kwaya