Zimwi Linalotamani Nyama na Maziwa

Ukibuni zimwi kwa mchezo wa kuigiza wa mezani, kawaida unaanza na namba: lina uhai kiasi gani, ngozi yake inahimili mapigo mangapi. Mtindo huo umetokana na Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974. Zimwi lake linalogeuza chuma kuwa kutu, Gary Gygax alilibuni kutokana na mdoli wa plastiki wa Hong Kong. Zimwi la namna hiyo halina jirani. Ukiliua, hakuna msiba.

Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuanzia bonde la Kyela hadi miinuko ya Rungwe, watu walikuwa na zimwi la aina nyingine. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Walielezwa kwamba mchawi ana chatu tumboni. Usiku, katika ndoto, huwakaba waliolala na kunyonya viwele vya ng'ombe hadi vikauke. Kinachomsukuma ni uchu wa nyama na maziwa.

Kwa nini chakula? Katika makala ya 1951, Monica aliwalinganisha Wanyakyusa na Wapondo wa Afrika Kusini. Wapondo waliishi na ndugu zao, na hofu zao za kichawi zilijaa tamaa ya mwili. Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya rika: wanaume wa umri mmoja walijenga pamoja na kula pamoja, ilhali ng'ombe walibaki mali ya ukoo. Mwenye zizi na asiye na ndama walisikia harufu ya mchuzi uleule. Zimwi lao lilizaliwa kwenye chungu kisichogawanywa.

Kijiji kilikuwa pia na walinzi, abamanga. Wao waliwaona wachawi gizani na kupambana nao kwa sababu nao walikuwa na chatu tumboni. Nguvu ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa inamtumikia nani.

Lakini zimwi lenye uso wa jirani lina gharama. Maiti zilipasuliwa kutafuta huyo chatu. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na bado miongo mingi baadaye, huko Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho ya mtu aliyepikia moshini maisha yake yote.

Kwa hiyo, kijana anayetaka kumtoa chatu wa Kyela kwenye simulizi na kumweka mezani, asimchore bibi kizee. Chatu amweke tumboni mwa mchezaji mwenyewe. Ampe ng'ombe wachache, majirani wenye njaa na usiku mrefu. Kisha amwache aamue, bila kurusha dadu, kama atakuwa mlinzi au mchawi.