Kupandikiza Jino: Hukumu Yake na la Kumuuliza Daktari

Himdi zote Anastahiki Allaah.

Kupandikiza jino ni kutiwa skrubu ndogo ya titaniamu ndani ya mfupa wa taya, kisha juu yake likavishwa jino la bandia. Mfupa huchukua kama miezi 3 hadi 6 kushikamana nayo.

Asli yake inajuzu, kwani ni tiba. Swahaba 'Arfajah bin As'ad (Radhwiya Allaahu 'anhu) alikatika pua vitani, akavaa ya fedha. Ilipotoa harufu, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamuamrisha avae ya dhahabu (Abu Daawuud na At-Tirmidhiy).

Tunalotahadharisha ni hili: taya lililokonda huongezwa unga wa mfupa. Unga huo hutoka kwa ng'ombe, nguruwe au binaadamu, au hutengenezwa kwa madini. Muulizeni daktari kabla ufizi haujakatwa, na ombeni wa madini, usio na shaka.

Mwelezeni pia kama mna kisukari au mnavuta sigara; vyote huweza kuzuia skrubu kushika.

Jino hilo halivuliwi kwa wudhuu wala kwa josho.

Na Allaah Anajua zaidi.