Ubadilishaji wa alama za sekondari kwa udahili wa udaktari, Ujerumani

Ubadilishaji wa alama za sekondari ni hesabu ambayo vyuo vikuu vya Ujerumani hutumia kugeuza matokeo ya mwombaji aliyesoma nje ya nchi hiyo yawe alama moja ya Kijerumani, kuanzia 1.0 iliyo bora kabisa hadi 4.0 iliyo ya mwisho kwa aliyefaulu. Kwa anayeomba kusomea udaktari wa binadamu, alama hiyo ndiyo humpanga kwenye foleni, na tofauti ya sehemu moja ya kumi yaweza kumpa nafasi au kumnyima. Wanafunzi wengi wa Tanzania, Kenya na Kongo hukutana na hesabu hii mwishoni mwa mzunguko mrefu wa tafsiri, nakala na mihuri, ikiwa imeshafanywa na mtu mwingine. Haipasi kuwa hivyo. Anayejua kutoa, kugawanya na kuzidisha anaweza kuifanya mwenyewe kabla hajatumia hata senti moja.

Fomula yenyewe

Hesabu hiyo huitwa fomula ya Bavaria iliyorekebishwa. Msingi wake ni maafikiano ya mawaziri wa elimu wa majimbo ya Ujerumani ya tarehe 15 Machi 1991, na hutumika pia kwa wanaotoka shahada ya kwanza kwenda ya pili. Inahitaji namba tatu tu: alama ya juu kabisa ambayo mtahiniwa angeweza kupata, alama ya chini kabisa inayohesabika kuwa ni kufaulu, na alama aliyoipata. Chukua alama ya juu kabisa, toa ile aliyopata. Jibu ligawe kwa tofauti iliyopo kati ya alama ya juu kabisa na ile ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, kisha ongeza 1. Baada ya nukta hubakishwa tarakimu moja, zinazofuata hukatwa bila kukadiriwa kwenda juu, hivyo 1.75 huandikwa 1.7. Mkato huo humfaa mwanafunzi, kwa kuwa Ujerumani namba ndogo ndiyo bora.

Tuchukue binti aliyemaliza kidato cha sita Tanzania kwa kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, akapata B tatu. Baraza la Mitihani la Tanzania huipa A pointi 1, B pointi 2, na kuendelea hadi E yenye pointi 5, ambayo ni ya mwisho katika ufaulu wa kiwango kamili. Wastani wake ni 2. Moja kutoa mbili ni hasi 1. Moja kutoa tano ni hasi 4. Hasi kwa hasi zinaondoana, inabaki 0.25. Mara tatu ni 0.75, ongeza moja, 1.75. Binti huyu ana 1.7.

Sasa karatasi igeuzwe. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inapopanga vigezo vya udahili wa shahada, huhesabu kinyume: A ni pointi 5, B ni 4, E ni 1. Tano kutoa nne ni 1. Tano kutoa moja ni 4. Jibu ni lile lile 0.25, na alama ni ile ile 1.7. Fomula haijali kipimo kinapanda au kinashuka, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mkenya ambaye A yake ni pointi 12 na Mtanzania ambaye A yake ni pointi 1 wanaingia kwenye hesabu moja bila mmoja kulazimika kufasiri kipimo cha mwenzake.

Kima cha chini cha kufaulu

Ugumu wote umejificha katika namba ya pili. Alama ya juu kabisa haina ubishi, na alama aliyopata mtu imeandikwa kwenye cheti. Lakini kufaulu ni nini? Kwenye matokeo ya kidato cha sita, chini ya E kuna S, ambayo si kufeli wala si ufaulu kamili. Ikiwa S yenye pointi 6 ndiyo itachukuliwa kuwa kima cha chini, B tatu za yule binti zinatoa 1.6 badala ya 1.7.

Kenya pengo hilo hupanuka zaidi. Cheti cha KCSE hupangwa kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1, na gredi ya C+ yenye pointi 7 ndiyo mlango wa kawaida wa chuo kikuu nchini humo. Mwenye wastani wa A- ana pointi 11. Kima cha chini kikiwekwa C+, kumi na mbili kutoa kumi na moja ni 1, igawe kwa 5, na jibu la mwisho ni 1.6. Kikiwekwa D- yenye pointi 2, ile 1 inagawanywa kwa 10 na jibu linakuwa 1.3. Mtahiniwa ni yule yule, jasho ni lile lile, ila hoja ni nani kachora mstari na kauchora wapi. Mistari hii nimeiweka kuonyesha hesabu inavyokwenda. Ofisi inayotathmini cheti ndiyo huamua upi utumike, na mwombaji hana sauti katika uamuzi huo. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba karatasi alizotuma zinaeleza kipimo cha nchi yake wazi, yaani ukurasa wa maelezo ya gredi usiachwe nyumbani kwa kudhani kuwa ni pambo.

Kwa maoni ya mwandishi, dosari kubwa zaidi ya fomula ni kwamba inachukulia kila hatua ya kipimo kuwa na urefu sawa. Mtihani wa taifa wa Kongo hutoa asilimia, na kufaulu huanzia 50. Kijana wa Lubumbashi aliyepata 80 anahesabiwa hivi: 100 kutoa 80 ni 20, gawa kwa 50, zidisha kwa 3, ongeza 1, jibu 2.2. Tanzania, A ya kidato cha sita huanzia 80 na kuishia 100, na cheti huonyesha herufi peke yake. Kwa hiyo Mtanzania aliyepata 80 katika kila somo anaingia Ujerumani na 1.0, sawa na mwenzake aliyepata 99, ilhali jirani yake wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mwenye 80 hiyo hiyo anabaki na 2.2. Kwa udaktari, umbali huo ni wa mtu aliye mbele ya foleni na mtu asiyeitwa kabisa. Hakuna aliyefanya hila. Herufi imefunika kile ambacho asilimia imekianika.

Wapo pia waliofanya mitihani miaka ambayo kipimo chenyewe kilikuwa kikibadilika. Tanzania, matokeo ya kidato cha sita ya 2014 na 2015 yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa pointi uliokuwa na madaraja ya aina yake, kisha 2016 serikali ikarudisha divisheni. Mwenye cheti cha miaka ile asikubali kihesabiwe kwa kipimo cha kabla yake au cha baada yake.

Wajerumani na alama zao wenyewe

Ni vema kujua kwamba Wajerumani nao wamegombana sana kuhusu alama. Mtihani wao wa kumaliza sekondari, Abitur, hukusanya pointi hadi 900. Mwenye 823 au zaidi hupata 1.0, na mwenye 300 hupata 4.0. Majimbo ni 16 na kila moja husimamia elimu yake, kwa hiyo 1.3 ya jimbo moja si lazima ilingane kwa ugumu na 1.3 ya jimbo jingine. Udaktari umekuwa na uhaba wa nafasi tangu zamani: tarehe 18 Julai 1972 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu iliyotaka ukomo wa nafasi uwe na misingi ya haki, na ugawaji ukawekwa chini ya ofisi kuu iliyoko Dortmund.

Tarehe 19 Desemba 2017 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba sehemu ya utaratibu wa udahili wa udaktari ilikwenda kinyume cha katiba. Mojawapo ya sababu zake ni kwamba vyuo vilipochagua wanafunzi wao vililinganisha alama za Abitur za majimbo tofauti bila kuzisawazisha. Kuanzia 2020 utaratibu ukabadilika. Baada ya mafungu maalumu kutengwa, asilimia 30 ya nafasi huenda kwa wenye Abitur bora, asilimia 10 kwa vigezo vya uwezo visivyohusu alama za shule, na asilimia 60 kwa uteuzi wa vyuo vyenyewe. Alama za majimbo sasa hulinganishwa kwa kuangalia mtahiniwa alishika nafasi gani miongoni mwa wenzake wa jimbo lake.

Kwa Mjerumani, basi, inaulizwa: kati ya wenzako ulikuwa wa ngapi? Kwa anayetoka Kigoma au Kisumu swali hilo haliulizwi. Anapimwa kwa mstari ulionyooka kati ya namba mbili. Hilo linauma, na linafaa lisemwe waziwazi, kwa sababu haki iliyotambuliwa kwa wanafunzi wa Bavaria na Bremen ingefaa kutambuliwa pia kwa wengine.

Kutambuliwa kwa cheti

Kabla ya hesabu kuna swali jingine, na wengi hulichanganya na hili: je, cheti hiki kinafungua mlango wa chuo kikuu? Jibu hutafutwa katika hazina ya taarifa iitwayo anabin, inayotunzwa na idara kuu ya elimu ya kigeni iliyoko Bonn. Humo kila cheti cha kila nchi kimepangiwa njia: kuingia moja kwa moja katika fani yoyote, kuingia moja kwa moja katika fani zinazohusiana na masomo yaliyofanywa tu, au kupitia kwanza mwaka wa maandalizi. Cheti cha kidato cha nne cha Tanzania peke yake hakifungui mlango. Alama nzuri haiwezi kukiokoa cheti kisichotambuliwa, na cheti kinachotambuliwa hakiwezi kuiokoa alama mbaya.

Vyuo vingi vimeikabidhi kazi ya ukaguzi taasisi ya uni-assist ya Berlin, iliyoanzishwa 2003. Hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi la ziada katika muhula huo. Baadhi ya vyuo humtaka mwombaji apate kwanza hati ya ukaguzi wa awali ya taasisi hiyo, na humo alama iliyobadilishwa huwa imeandikwa. Hati hiyo ikifika, isomwe kwa makini na kulinganishwa na hesabu ya nyumbani. Mawakala wanaodai ada kubwa kwa ahadi ya "kupandisha alama" wanauza upepo: fomula ni ya wazi, na hakuna mahali ndani yake pa kuchomeka rafiki.

Aliye nje ya Umoja wa Ulaya haingii katika yale mafungu ya 30, 10 na 60. Hushindania fungu lake, ambalo kwa udaktari aghalabu ni takribani asilimia 5 ya nafasi. Ila mwenye pasi ya Kenya au Tanzania aliyefanya Abitur katika shule ya Kijerumani huhesabiwa pamoja na Wajerumani. Mwisho wa maombi ya muhula wa baridi huwa 15 Julai katika vyuo vingi, na lugha ya kufundishia katika vyuo vya umma ni Kijerumani, kwa kiwango cha C1.

Studienkolleg na alama ya pili

Anayepangiwa mwaka wa maandalizi huingia katika chuo kiitwacho Studienkolleg. Kwa udaktari ipo kozi ya M, yenye Kijerumani, baiolojia, kemia, fizikia na hisabati, kwa mihula miwili. Mwishoni kuna mtihani wa kupima ustahiki, na ukishindwa huweza kurudiwa mara moja. Watu huuona mwaka huu kama adhabu, wakiwatazama wenzao walioingia moja kwa moja wakiwa wameshaanza kusoma anatomia.

Lakini alama ya mtihani huo haisimami peke yake. Hujumlishwa na ile iliyobadilishwa kutoka cheti cha nyumbani, kisha hugawanywa kwa mbili. Kijana wa Lubumbashi aliyepata 68, ambayo kwa fomula ni 2.9, akifanya mtihani wa Studienkolleg na kupata 1.3, anaomba udaktari akiwa na 2.1. Akipata 1.0 anafika 1.9. Nusu ya alama yake inakuwa imetokana na chumba kimoja cha mtihani alimokaa na vijana wa nchi nyingine, karatasi moja mbele yao wote.

Yule binti mwenye B tatu, akipangiwa njia ya moja kwa moja, hana namba ya pili. 1.7 yake ndiyo hiyo hiyo mwaka huu na mwakani. Kinachoweza kumsogeza ni mtihani wa TestAS, ambao baadhi ya vyuo huuzingatia kwa waombaji wa kigeni, kila chuo kwa uzito wake. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu anapaswa kusoma kanuni za udahili za chuo kimoja baada ya kingine, aone ni kipi kinachoupa mtihani huo thamani, na aombe huko kwanza.