Lady Grigg alikuwa nani, na inatuhusu nini sisi?

Muulize mama wa Ukunda au Msambweni aliyewahi kuvushwa feri usiku akajifungulie Mombasa. Jina Lady Grigg analijua: ndio wadi ya kina mama pale Coast General. Lakini huyo Lady mwenyewe ni nani? Wengi wetu tunalitaja tu kama jina la steji.

Aliitwa Joan, mke wa Sir Edward Grigg, gavana wa Kenya kuanzia 1925 hadi 1930. Mwaka wa 1926 alianzisha chama cha ustawi wa mama na mtoto, kikaendeshwa kwa michango. Hapo ndipo ilipoanzia Pumwani Maternity, ndani ya mtaa uliotengewa Waafrika wa Nairobi. Wahindi walikuwa na kituo chao. Hata uchungu wa kuzaa, ukoloni uliugawa kwa rangi.

Kabla ya hapo, mama wa Kiafrika alizalishwa nyumbani na mkunga. Na tusimdharau mkunga. Alijua kazi yake, ndio maana mimi na wewe tuna mabibi. Ila damu ikizidi, au mtoto akikaa vibaya, ujuzi wa mkono haukutosha. Kwa hivyo sipingi, kituo kile kilisaidia.

Kinachonikera ni hiki. Waafrika walianza kutozwa kodi ya nyumba mwaka wa 1901. Miaka 25 pesa zao zinachukuliwa, halafu kujifungua salama kunangoja huruma ya mke wa gavana! Hata kuwahesabu watoto hawakuwa na haraka. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilianza kutumika 1928, lakini usajili haukuwa lazima kwa kila mtu nchi nzima hadi 1971. Mtoto asiyeandikwa akizaliwa, hata akifa haandikwi. Na kifo kisichoandikwa, nani atakipangia bajeti?

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka wa 1944 Pumwani ilikabidhiwa manispaa ya Nairobi. Juni 2013 serikali ikaondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Na Katiba ya 2010 imeshasema: Kifungu cha 43, afya ni haki, ikiwemo ya uzazi. Kifungu cha 53, mtoto ana haki ya jina na uraia tangu azaliwe, na ya matibabu.

Sasa ukisikia mama anaambiwa, "Shukuru hata umepata kitanda," ujue hiyo ni lugha ya 1926. Msaada tunaushukuru, sawa. Haki tunaidai, tena kwa adabu, bila kumfokea nesi ambaye pia amechoka.

Kwa hivyo ukimsindikiza dada yako kujifungua, uliza dawa, uliza daktari yuko wapi. Na kabla hamjapanda tuktuk kurudi nyumbani, hakikisheni mmepewa karatasi ya kumsajilia mtoto.