Miti Iliyokufa Bamburi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipewa kazi ya kuotesha miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Matumbawe yalikuwa yamechimbwa hadi kukaribia maji ya chini, ambayo yana chumvi, na udongo hakuna. Alipanda aina 26 za miti. Zikashika tatu tu, mvinje ukiongoza. Kisha likazuka tatizo jingine: majani ya mvinje, membamba kama sindano, yakawa yanarundikana chini bila kuoza. Wakaletwa jongoo wa Pwani. Jongoo wakayatafuna, kinyesi chao kikawa mboji, na juu ya mboji hiyo umesimama msitu tunaouita Haller Park.

ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, kilitoka 1996, miaka mingi baadaye. Lakini mzunguko wake wa kupanga, kutekeleza, kukagua na kurekebisha ulikuwa umeshafanya kazi pale shimoni.

Ulaya, kwa upande wake, ilianza na karatasi, na sibezi: karatasi humlazimisha mkubwa kuweka sahihi. Umoja wa Ulaya ulianzisha mfumo wake wa usimamizi wa mazingira, EMAS, 1993, na viwanda vya Volkswagen vya Ujerumani vikaanza kujiunga 1995. Septemba 2015, mwezi uleule ISO 14001 ilipotolewa upya ikitaka viongozi wa juu wawajibike wenyewe, Marekani ilitangaza kuwa magari ya dizeli ya Volkswagen yana programu inayotambua gari linapopimwa na kupunguza moshi kwa muda huo tu. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Tutende haki: EMAS ilikagua maji, taka na umeme wa viwanda, si programu ya injini.

Hata hivyo, pande zote mbili, Volkswagen na Bamburi, zilishindwa kwanza. Injini ilishindwa kufikia kiwango cha moshi cha Marekani, miti ikashindwa na chumvi. Kule, kushindwa kukafichwa ndani ya programu. Bamburi, aina 23 za miti zilikauka hadharani, kila mtu akaziona, na uongozi ukaendelea kumpa Haller nafasi ya kujaribu tena. Naamini mfumo wa usimamizi wa mazingira hufaulu au hufa hapo.

Wewe uliye meneja, utakaposomewa ripoti ya mazingira mwaka huu, uliza kwanza ni nini kilichokufa, na aliyekuambia umlinde.