Fomu za Mirathi kwa Kompyuta Bila Wakili: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwananchi wa Katavi

Mwananchi wa Mpanda aliyefiwa na mwenza au mzazi ana haki ya kufungua shauri la mirathi yeye mwenyewe. Sheria haimlazimishi kuwa na wakili, na fomu zinazohusika zaweza kuchapwa kwa kompyuta katika duka lolote la steshenari mjini. Hata hivyo, kompyuta hupokea kila inachoandikiwa, kiwe sahihi au kisiwe. Wajibu wa kuhakiki maelezo hubaki kwa mwombaji, kwa kuwa ndiye anayetia saini na ndiye atakayeulizwa mahakamani.

Lugha si kikwazo tena. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Aidha, kuanzia Kanuni za Usajili wa Mashauri kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018, Mahakama ya Tanzania imeendelea kuhamishia huduma zake katika mifumo ya kompyuta.

Mahakama inayohusika

Kabla ya kujaza fomu, mwombaji anapaswa kujua mahakama yenye mamlaka. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayoongozwa na sheria za kimila au sheria ya Kiislamu, iwapo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu katika eneo lake. Kinachozingatiwa ni makazi ya marehemu, si mahali alipofia. Kwa mfano, mkazi wa Mishamo wilayani Tanganyika aliyefariki akiwa matibabuni Mbeya, mirathi yake hufunguliwa katika mahakama ya eneo alilokuwa akiishi. Mirathi isiyoongozwa na sheria hizo mbili hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kwa kutegemea thamani ya mali. Kukosea hatua hii ni gharama kubwa katika mkoa ambao vijiji vyake viko mbali na mji, kwani uteuzi uliofanywa na mahakama isiyo na mamlaka waweza kubatilishwa baada ya miezi au miaka.

Maelezo ya fomu

Katika Mahakama ya Mwanzo, maombi huwasilishwa kwa Fomu Na. 1 ya Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za mwaka 1971. Fomu hiyo huhitaji jina la marehemu, tarehe ya kifo, makazi yake, kama aliacha wosia, majina ya warithi na makadirio ya mali. Cheti cha kifo hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao nao hupokea maombi kwa njia ya mtandao. Kwa desturi huambatishwa pia muhtasari wa kikao cha ukoo.

Kosa linalojitokeza mara kwa mara ni tofauti ya majina. Marehemu aweza kuwa na jina moja katika kitambulisho cha Taifa, jingine katika kadi ya benki na jingine katika hati ya kiwanja. Jina lisibadilishwe kwenye fomu ili lilingane na nyaraka mojawapo. Njia sahihi ni kuandaa kiapo kinachoeleza kuwa majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na kuapa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kuapisha. Vilevile, kumwacha mrithi kwa makusudi, akiwemo mtoto aliyezaliwa nje ya nyumba, hakumfuti katika familia. Hufungua mlango wa pingamizi, na kutoa maelezo ya uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai.

Mchapaji na mwandaaji

Mwananchi anaruhusiwa kuandaa nyaraka zake mwenyewe, na mchapaji wa steshenari anaruhusiwa kuchapa anachoelekezwa. Lakini Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza mtu asiye na sifa kuandaa kwa malipo nyaraka za mashauri. Sheria hiyo pia inataka jina la aliyeandaa waraka lionekane kwenye waraka wenyewe. Mwombaji asikubali kuandikiwa maelezo asiyoyafahamu. Endapo akaunti itafunguliwa katika mfumo, namba ya simu iwe ya mwombaji, na nywila ibaki kwake. Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, si kwa kukabidhi fedha mkononi.

Baada ya uteuzi

Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha humteua msimamizi. Kuteuliwa hakumfanyi msimamizi kuwa mmiliki wa mali. Ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, au muda zaidi utakaoruhusiwa na mahakama, anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, na baadaye hesabu za mirathi kwa Fomu Na. 6. Wasimamizi wengi huishia kwenye barua ya uteuzi, na hapo ndipo wajane na watoto hupoteza nyumba na mashamba bila kujua kwamba wana haki ya kudai hesabu hizo mahakamani.

Mahali pa kupata msaada

Asiye na kompyuta, au asiyejua kuitumia, aweza kufika masjala ya mahakama iliyo karibu na kuelekezwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huduma yao kwa wasio na uwezo hutolewa bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii katika halmashauri yaweza kumwelekeza mwananchi kwa watoa huduma hao. Pale mali inapobishaniwa, au mdogo wa umri anapokuwa miongoni mwa warithi, inashauriwa kupata ushauri wa kisheria kabla ya kutia saini.